Safari Yenye Siku ya Kurudi

Kila mwezi wa saba shule zinapofungwa, nasikia watu wakisema kwamba likizo ya familia ni jambo la matajiri wa Goma, wale wenye gari na fedha za hoteli kando ya ziwa. Huku Burungu, wanasema, likizo ni kuvuna maharage, kuchunga ng'ombe na kuchota maji. Maneno hayo siyakubali, na sababu yangu haihusu anasa.

Wako watoto wengi hapa Masisi ambao hawajawahi kusafiri ila kwa kukimbia. Walibebwa usiku, godoro likiwa kichwani mwa mama, na hakuna aliyewaambia wanaelekea wapi wala watarudi lini. Wengine walizaliwa kambini, Bulengo au Kanyaruchinya. Kambi zilizozunguka Goma zilipobomolewa mwanzoni mwa 2025, walitiwa njiani tena, kuelekea vilima ambavyo wazazi wao huviita nyumbani na wao walikuwa hawajaviona. Kwa mtoto wa namna hiyo, neno «fungasheni» ni neno la hofu. Mwalimu akitangaza matembezi ya darasa, yupo anayeuliza kama achukue sufuria.

Ndiyo maana naona kwamba familia inayomwambia mtoto, «Tunaondoka Jumanne, na Jumamosi tutalala hapa hapa nyumbani,» kisha Jumamosi ikalala nyumbani kweli, imemfundisha jambo ambalo mimi na katekisimu yangu tungelitafuta mwaka mzima. Wapo watakaosema kwamba wakati wa vita si wakati wa kucheza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990 ingali ikiitwa Zaire, unautaja mchezo na mapumziko katika kifungu cha 31 kuwa ni haki, wala hausemi kwamba haki hiyo ingoje amani.

Nawaandikia ninyi, kaka na dada wakubwa, kuliko baba zenu, kwa kuwa mara nyingi ni ninyi mnaowabeba wadogo mgongoni na kujua yupi anaogopa pikipiki. Basi mpango uanze na mguu wa yule mdogo kabisa. Mtoto wa miaka minne hawezi kutembea saa sita eti kwa sababu babu yake aliweza. Na pikipiki moja iliyobeba baba, mama, watoto watatu na kuku wa zawadi si usafiri, ni kumjaribu Mungu. Afadhali kwa shangazi, kilima cha pili, mkipumzika mara mbili njiani, mara moja mnywe mashanza na mara nyingine mcheze tu. Waulizeni watoto wenyewe wanataka nini. Mara nyingi ni kitu kidogo: kumwona ndama mchanga, au kulala na binamu zao wote kwenye mkeka mmoja. Kila mtoto afungashe mfuko wake, hata kama ataweka mawe.

Kuna desturi ya kumpeleka mtoto kwa nyanya likizo nzima. Ni njema, ila mara nyingi hupelekwa peke yake, na hupelekwa kama mikono ya kazi. Kusaidia shambani asubuhi ni sawa. Lakini mzazi aende naye, japo siku tatu, wala jembe lisiwe ndilo sababu ya safari.

Wanaoweza kufika ziwani, Sake au Goma, wawaonyeshe watoto wavuvi wa sambaza wakiondoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja. Waelezeni kwamba samaki hao hawakuwamo Kivu tangu mwanzo: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini kuhusu mazuku nasisitiza. Hewa hiyo inayotoka ardhini katika nchi ya volkano ni nzito kuliko hewa tunayovuta, haina rangi, nayo hukusanyika mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Mtu mzima aliyesimama anaweza asione dalili yoyote mahali ambapo mtoto aliyeketi anazimia. Waulizeni wenyeji ni wapi pabaya. Mkiona ndege au panya wamekufa shimoni, ondokeni, wala asishuke mtu kuwaokota.

Na wahesabuni wadogo zenu. Luka anasimulia kwamba Maria na Yosefu walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara, naye alikuwa amebaki Yerusalemu. Kila mkubwa apewe mdogo wake mmoja, kwa jina.

Linabaki swali la njia. Habari za juma lililopita hazitoshi. Asubuhi ile ile waulizeni wanaoleta maziwa na waendesha pikipiki waliotoka huko. Ikiwa pana mashaka, msiende. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika na mtoto kujifunza tena kwamba ahadi za wakubwa ni upepo. Kwa hiyo tangu mwanzo mwambieni mambo mawili: «Tutakwenda kwa nyanya, njia ikifungwa, siku hiyo hiyo tutapika viazi vyetu mtoni.» Viazi viwekwe kando mapema, na mto uwe ule ambao hata mvua ya ghafla haiwazuii kurudi.

Siku ya kurudi, ondokeni huko mapema ili mfike jua lingali juu, na yule mdogo auone mlango wa nyumba akiwa macho, asije akaamka gizani na kudhani mmehama tena. Jirani aliyewaangalizia mbuzi mleteeni kipande cha jibini, na mtoto ndiye ampelekee.