Umenyukaji Si Ukali

Wapo wasomi wetu wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba kemia. Ukiwauliza ni neno gani lililowashinda, hutaja "riaktiviti", kana kwamba neno hilo lilishuka kutoka mbinguni. Hiyo ni kasumba. Mmenyuko ni neno lililomo katika kamusi zetu, na kama twasema uimbaji na usafirishaji, hakuna sheria ya sarufi inayotukataza kusema umenyukaji, yaani wepesi wa kitu kuungana na kingine, kikazaliwa kitu kipya.

Lakini ugomvi wetu mkubwa hauko kwa hao. Uko kwa wapenzi wa Kiswahili walio wavivu, ambao huandika "ukali" na kuona wamemaliza kazi. Ukali ni wa wembe, wa ndimu na wa mbwa. Risasi ni nzito kumenyuka kuliko chuma, nayo ni sumu. Je, tuiite pole? Sodiamu ikihifadhiwa katika mafuta ya taa hutulia. Itie majini, huchachamaa, ikatoa haidrojeni na pengine ikawaka. Ukali wake ulikuwa wapi siku zote hizo? Umenyukaji ni habari ya vitu viwili vinavyokutana, wala si hasira ya kimoja.

Tazameni sufuria ya alumini. Katika orodha ya metali, alumini hutangulia zinki na chuma kwa umenyukaji. Hata hivyo panga hushika kutu, na sufuria haishiki. Sababu ni kwamba alumini huwahi kuungana na oksijeni ya hewani, ikajivika utando mwembamba wa oksidi unaoikinga. Mama akiisugua kwa mchanga huukwangua utando huo, nao hurudi upesi, kwa wepesi ule ule. Nani aweza kueleza jambo hili kwa neno "ukali"?

Tangu 1967 watoto wa shule za msingi za Tanzania wamefundishwa sayansi kwa Kiswahili. Wafikapo sekondari, wengi wao hutakiwa kuanza upya kwa Kiingereza. Hapo mwanafunzi hukariri potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesi, akaandika jibu lililo sahihi, akapata alama zake, akarudi nyumbani asijue kwa nini sufuria iliyopikiwa maharage kwa magadi imeingia weusi.