Wasifu wa Dukani

Kijana anayetaka kuomba kazi siku hizi mara nyingi huanzia kwenye duka la kupiga chapa. Ndivyo ilivyo Kwa Mrombo, Arusha, na ndivyo ilivyo Darajani na Chake Chake. Mpiga chapa hufungua wasifu wa mwombaji aliyetangulia, akafuta jina na kuandika jipya. Mengineyo hubaki yale yale, hata wadhamini ambao mwombaji hajapata kuonana nao.

Tulionyeshwa wasifu mmoja wa huko. Mwenyewe, aliyekuwa akiomba kazi ya kufundisha chuoni, alifanya utafiti wa shahada yake juu ya floraidi katika maji ya mitelemko ya Mlima Meru, maji yanayochafua meno na kupinda mifupa ya watoto. Utafiti huo haukutajwa hata kwa mstari mmoja. Kilichotajwa ni kwamba anapenda kutazama mpira!

Hatuwalaumu wenye maduka. Wao wanauza karatasi. Tunasema na vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaoomba kazi ng'ambo ya bahari. Kila neno la wasifu litadaiwa ushahidi. Aprili 2017, uhakiki ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nayo huagiza wadhamini watatu na vyeti halisi, wala haipokei hati za matokeo.

Lipo pia jambo dogo linalowaponza wasio na hatia. Kwetu sisi Mohamed, Muhammed na Mohd ni mtu mmoja. Kwa kompyuta inayopokea maombi ni watu watatu. Cheti cha kuzaliwa, cha skuli na kitambulisho visipolingana, mwombaji aende mapema kwa wakili akatengeneze hati ya kiapo, asingoje tangazo litoke.

Waheshimiwa maofisa nao tuna neno nao. Tangazo linalodai uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya kuanzia humsukuma kijana kusema uongo, kisha tunamwadhibu kwa kuusema. Miezi aliyofanya kazi za mafunzo katika ofisi za serikali, bila mshahara, ni uzoefu. Tunaomba ihesabiwe hivyo, na tangazo lenyewe litamke hivyo.