Chupa ya ufukweni usiipachike jina la Livingstone

Leo naongea na wenzangu tunaouza vitu vya zamani mtandaoni, hasa hizi chupa za kioo zinazookotwa Ujiji, Kibirizi na Katonga. Ziwa likipanda na kushuka linafukua mchanga, vijana wanaokota, sisi tunaposti. Shida yangu ni maelezo tunayoandika chini ya picha.

Na mimi nimo. Niliwahi kuposti chupa ya kahawia, nikaandika "Ya Mjerumani, 1914", elfu sitini. Mteja wa Dar akalipa, nikaifunga vizuri, nikaipakia kwenye basi. Alipoipokea akanitumia picha ya mdomo wa chupa na swali moja tu: "Kaka, mshono huu uliuangalia?" Nilikuwa hata sijui chupa ina mshono. Nilirudisha hela yote, na nauli ya basi ya kwenda na kurudi ikawa juu yangu.

Basi nikajifunza. Chupa nyingi hutengenezwa ndani ya kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vinapokutana unabaki mstari. Pitisha ukucha kutoka chini kwenda juu. Mstari ukiishia shingoni, maana yake mdomo ulimaliziwa kwa mkono, hiyo ina dalili ya uzee. Ukipanda mpaka juu ya mdomo, hiyo ni ya mashine. Mashine ya Owens ya Marekani ilianza 1903, na haikuenea duniani kwa siku moja. Yangu mstari ulipita hadi juu kabisa, inaweza hata kuwa ya juzi. Ila mshono peke yake haukupi mwaka. Kuna chupa za mvinyo zilizungushwa ndani ya kalibu zikiwa bado laini, mstari ukafutika wote. Angalia na mapovu ndani ya kioo, na kama chupa imekaa upande. Ukipata yenye gololi shingoni, hiyo ni ya soda, muundo wa Mwingereza Codd wa miaka ya 1870. Usiigonge kutoa gololi, jamani!

Sasa hizi hadithi. Ni kweli Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 walifungua shampeni. Lakini ilikuwa chupa moja, na mimi nimeshaona "ya kwao" zikiuzwa na watu wanne. Eti kwa sababu ni ya kijani na kitako kimebonyea ndani. Chupa za hivyo zinatengenezwa mpaka leo. Maandishi ya Kijerumani nayo yanakuonyesha ilikotoka, hayakwambii nani aliinywa. Reli ilifika hapa 1914, Wabelgiji wakaingia 1916, na meli zimepita miaka yote hiyo na mizigo ya kila mtu.

Kuna wanaosema bila hadithi mteja hanunui. Mimi nakataa. Sisi watu wa Kigoma tunajua uchungu wa mtu kuuza dagaa wa Victoria kwa jina la dagaa wa Kigoma. Aliyedanganywa mara moja hamlaumu muuzaji mmoja, anasema dagaa wa Kigoma siku hizi hawana ladha. Na chupa ni hivyo hivyo. Andika ulichokiona: imeokotwa Kibirizi, mshono unaishia shingoni, mdomo umemeguka kidogo, mwaka haujulikani. Weka picha ya mdomo, kitako na ufa kama upo.

Halafu tuokote za juu ya mchanga tu. Kuchimba vitu vya kale bila leseni ni kosa, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na eneo la kumbukumbu ya Livingstone usiliguse kabisa. Kusafisha, loweka kwenye maji ya sabuni. Ukisugua kwa mchanga unaondoa ule mng'ao wa rangi rangi ambao wateja wengine ndio wanaoutafuta. Na usimuuzie mtu chupa ya kuokota akaweke asali au mawese, maana hujui ilibeba nini. Zipo zilizotengenezwa na mistari ya kuparuza makusudi, mtu aishike gizani ajue ni sumu.

Ile chupa yangu niliiposti upya, picha ya mdomo ikiwa ya kwanza, "ya mashine, umri haujulikani", elfu nane. Dada mmoja aliichukua siku hiyo hiyo, aweke maua.