Vitesi si mwendo

Mjomba wangu aliishi ndani ya gari lake siku nne kwa juma. Lilikuwa HiAce la zamani, la kubeba mizigo kati ya Bukavu na Uvira. Viti vya nyuma alikuwa ameving'oa, akaweka godoro, ndoo mbili za maji, sanduku la vyombo na mbabula. Hiyo mbabula aliiwasha nje tu, maana hewa ya makaa haionekani na humwua mtu akiwa usingizini. Ulaya magari ya namna hiyo huuzwa yakiwa na kitanda na jiko tayari. Yeye alijitengenezea lake kwa nyundo na mbao.

Likizo moja nilisafiri naye. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, Tanganyika mita 770 hivi. Kwenda Uvira basi ni kushuka, na mteremko wenyewe hasa ni Ngomo. Kabla ya kuuanza alisimama, akazunguka gari lote, akagusa kila gurudumu, kisha akaniambia: "Huku unashuka na vitesi ya kidogo. Fereni iko ya kusimamisha, haiko ya kushukia." Mimi, mwanafunzi wa lugha, nikaandika katika daftari: vitesi ya kidogo, yaani mwendo mdogo.

Nilikosea, na kosa hilo linaweza kuua. Alikuwa anasema gia. Katika Kifaransa vitesse ni mwendo na tena ni gia, na neno liliingia Kiswahili chetu na maana zote mbili. Dereva mgeni akielewa "mwendo mdogo", atashuka Ngomo polepole kabisa huku mguu uko juu ya breki toka juu mpaka chini. Breki zitapata moto, mafuta yake yatachemka, mvuke utaingia katika mabomba, na kanyagio litazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Akielewa gia, ataingiza ya pili na injini yenyewe italizuia gari. Mafuta hayo nayo hunyonya unyevu wa hewa, na yakizeeka huchemka upesi zaidi. Ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili hivi. Mjomba alijua hayo yote bila cheti.

Darasani tunafundishwa gia, klachi, spana, breki, tairi. Mwanafunzi akiandika vitesi, ambreyaji, kle, fereni, pine, kalamu nyekundu inapita, na sababu tunayopewa ni usafi wa lugha. Usafi gani? Maneno hayo matano ya kwanza ni Kiingereza kilichovaa kanzu, na yetu ni Kifaransa kilichovaa kanzu ileile. Hata usukani, mkongwe wao, ulitoka katika jahazi, na kabla ya hapo katika Kiarabu.

Sisemi tuache Kiswahili sanifu. Magari mengi yanatufikia kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na anayempigia muuzaji simu anahitaji neno klachi. Tena nakubali kwamba gia inaishinda vitesi, kwa kuwa gia haichanganywi na mwendo. Lakini pengine fundi wa Kadutu ndiye anayeshinda. Sisi katika insha tunaandika mafuta kwa kila kimiminika cha gari (hata mimi hapo juu!), naye anatenga esanse, mazuti na wile, na hatamimina kimoja mahali pa kingine.

Kwa hiyo naiomba idara yetu jambo dogo. Kila mwaka tunasoma kazi za mwisho wa masomo juu ya methali, nyingine zikirudia methali zilezile. Wawili watatu kati yetu waende katika magaraji na daftari, waandike kila neno, maana zake zote, na mahali linapoweza kumdanganya mtu wa Kigoma au wa Kampala. Orodha irudishwe kwa mafundi, waikosoe wao kwanza kabla ya mwalimu.

Mjomba aliliuza gari lake kwa kijana wa Kigoma. Hakumtajia vitesi wala gia. Walikwenda pamoja hadi kichwa cha mteremko wa Ngomo, akaushika mkono wa yule kijana, akauweka juu ya fimbo, akaingiza ya pili.