TABO HAIPIMWI ARDHINI, WAKUBWA ACHENI KIINIMACHO!

Kuna wakubwa wa vikampuni vya ndege ambao wakienda kununua ndege ya mtumba huikagua kama bwana harusi anayechagua suti. Wanatazama rangi, wanabonyeza viti, basi. Injini inawashwa, inanguruma dakika tano pale pale chini, dalali anatabasamu, hundi inasainiwa. Atakayeruka nayo si yule aliyesaini! Ni kijana rubani ambaye akikataa safari anaonyeshwa mlango, pamoja na abiria watano waliolipa nauli halali wakiamini kuna mtu aliyekagua.

Ndugu msomaji, ndege ndogo zenye tabo, kama Cessna T206 na T210, hazitafutwi kwa fahari. Uwanja wa Arusha uko futi 4,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, Wilson ya Nairobi inapita 5,500, na ukingo wa Ngorongoro uko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, ikashindilia hewa kwenye silinda, injini ikadhani bado iko Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba moshi huo hufikia nyuzi 900 za Selsiasi, na kila unachogusa unakila kidogo kidogo.

Hapo ndipo ulaghai unapopata nafasi. Tabo iliyochoka au ekzosi yenye ufa haijisemi ikiwa chini. Kuna kilango kinachotoa nje moshi wa ziada bila kupitia kwenye tabo. Ndege ikiwa chini kilango hicho huwa wazi kiasi. Moshi ukivuja kwingine, chenyewe kinajifunga kidogo zaidi, na mshale wa presha ya hewa unasimama pale pale panapotakiwa. Mnunuzi anaona geji nzuri. Ndege ikipanda, kilango kinazidi kujifunga mpaka akiba inakwisha, na uongo unakwisha nao. Dalali analijua hilo vizuri sana, ndiyo maana anapenda kukuonyesha mali yake pwani, asubuhi na mapema, tanki likiwa robo.

Kwa hiyo tunasema ndege ipandishwe kabla ya senti moja kutoka, rubani awe na oksijeni, na fundi asiwe wa muuzaji. Ipande kwa nguvu kamili inayoruhusiwa na kitabu chake, na paandikwe futi ambazo presha inaanza kushuka. Kama kitabu kinasema ishikilie mpaka futi elfu kumi na kadhaa na hii inasalimu amri kwenye elfu tisa, kuna kinachovuja au kilichokufa. Mshale ukicheza wenyewe juu chini bila mtu kugusa kitu, hilo nalo liandikwe. Yatazamwe pia mafuta yanayoingia wakati wa kuruka, maana kwenye injini hizi petroli ya ziada ndiyo inayopoza silinda. Mjanja anayeipunguza ili kubana matumizi anamwachia mnunuzi vali zilizoungua.

Ikitua, iachwe iungurume polepole dakika chache tabo ipoe, kisha mtu asimame nyuma ya ekzosi. Moshi wa oili hapo maana yake mara nyingi ni kwamba sili za tabo zimeanza kupitisha. Injini ikiwa bado ya moto, kila silinda ijazwe hewa kwa kipimo cha pauni 80 na watu wasikilize inatokea wapi. Ikitokea kwenye ekzosi, vali imeliwa. Ikitokea pa kujazia oili, ringi zimekwisha. Chujio la oili lipasuliwe, lisitazamwe kwa nje.

Watakuambia, "Ina saa 200 tu tangu ifumuliwe!" Waulizeni saa hizo zimeruka kwa miaka mingapi. Injini iliyolala miaka kumi karibu na chumvi ya bahari ina kutu kwenye kemshafti, na daftari halina safu ya kuandikia kutu. Waulizeni na umri wa vibano vinavyoshika ekzosi kwenye tabo. Mwaka 2023 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliagiza vibano vya vipande vingi vilivyochomelewa kwa nukta visivuke saa 500, kwa sababu kikikatika, moto wa ekzosi unamwagika ndani ya chumba cha injini. Moto, ndugu zangu, angani!

Wapo watakaotucheka kwamba tunakuza mambo. Kama nchi nzima iliweza kuuziwa rada kwa pauni milioni 28 huku Benki ya Dunia ikipiga kelele, mwenye kampuni ya ndege mbili atashindwaje kuuziwa injini mfu? Hasa pale anayetumwa kununua ana cha juu chake kwa dalali.

Eti petroli ya ndege ni ghali, saa nzima ya majaribio ni hasara. Silinda sita na tabo mpya zitalipwa na nani? Na muuzaji akisema leo ndege haiwezi kupanda juu kwa kuwa hana mtungi wa oksijeni, mwambieni mtakuja na wenu kesho.