Majengo mapya ya PDL-145T: nani atayatunza kesho?

Tangu serkali ianzishe mpango wa maendeleo wa teritware 145, unaojulikana kama PDL-145T, wakaaji wa sehemu nyingi za nchi wamezoea sherehe ya aina moja: utepe unakatwa, ufunguo unatolewa, viongozi wanapiga picha mbele ya shule mpya. Swali moja haliulizwi siku hiyo: bati likitoboka miaka michache baadaye, nani atalipa?

Ikumbukwe kwamba awamu ya kwanza ya mpango huo ilipanga shule zaidi ya 1 000, vituo vya afya zaidi ya 700 na ofisi 145 za utawala. Kinshasa ndiyo inayotoa pesa, na kazi ilikabidhiwa PNUD, BCECO na CFEF. Usalama mdogo na barabara mbaya vimechelewesha kazi katika sehemu kadhaa. Lakini hata pale jengo limekwisha, kazi ya kulitunza ndiyo kwanza inaanza.

Tatizo la kwanza ni la kisheria. Mpango umebeba jina la teritware, lakini kwa sheria yetu teritware haina mfuko wake. Kifungu cha 3 cha Katiba kinataja mji, komini, sekta na sheferi kuwa ndizo zenye kujitawala. Teritware ni ofisi ya serkali kuu tu. Basi shule iliyojengwa kijijini ni mali ya nani? Ya wizara, ya jimbo, au ya sheferi? Pasipo hati ya makabidhiano inayosema wazi, kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole siku mvua itakapoingia darasani.

Tatizo la pili ni pesa. Kifungu cha 175 cha Katiba kinaachia majimbo 40% ya mapato ya kitaifa, yakatwe papo hapo. Katika sehemu hiyo ya jimbo, 40% ni ya miji, komini, sekta na sheferi. Kwa hesabu rahisi, kwenye kila franka 100, franka 16 zingefika chini. Lakini pesa hazikatwi papo hapo: zinapanda Kinshasa, kisha zinarudi kwa kuchelewa, zikiwa pungufu, au hazirudi kabisa. Kinachofika mara nyingi kinaishia kwenye mishahara na matumizi ya ofisi.

Matokeo yake tunayaona. Mzigo unawaangukia wazazi, wanaochangishwa ili kutengeneza madawati ingawa elimu ya msingi ni ya bure. Kwenye afya, mgonjwa ndiye analipia hata ukarabati wa jengo. Barabara za vijiji zinangoja salongo.

Hata hivyo, si kila kitu kinangoja Kinshasa. Sekta au sheferi inaweza kuanza na daftari moja: majengo mangapi, madaraja mangapi, vyanzo vya maji vingapi, vilijengwa mwaka gani, viko katika hali gani. Kiongozi asiye na orodha hiyo hawezi kupanga bajeti, wala hatajua shamba la shule likiuzwa kisirisiri. Baada ya daftari, inafaa sehemu ya kodi ya soko na ya barabara, hata kama ni ndogo, itengwe kwa matengenezo tu. Kuzibua mfereji kabla ya mvua kunagharimu siku moja ya koleo. Kujenga upya ukuta ulioanguka kunahitaji mfadhili.

Linabaki suala la nani atakayechunguza matumizi hayo. Mwezi wa Desemba 2023 madiwani walichaguliwa katika baadhi ya komini tu. Sekta na sheferi bado hazina mabaraza yaliyochaguliwa, na bila baraza hakuna anayemuuliza kiongozi kodi ya soko ilikwenda wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga makofi siku ya uzinduzi, kamati za wazazi na kamati za afya zina haki ya kuuliza mambo matatu: jengo hili limeandikwa kwa jina la nani? Pesa za kulitunza ziko katika bajeti gani? Na hesabu yake itabandikwa wapi ili kila mkaaji aisome? Yasipojibiwa mbele ya watu, jengo hilo litakuwa deni jipya kwa wazazi.