BIBI SI YAYA WA BURE

SEHEMU YA 1

Mama mwenzangu, leo siongelei homa ya mtoto wala chanjo. Leo naongelea mama yako. Na mama mkwe wako. Kaa chini, nyonyesha huku unasoma, ukimaliza uje unitukane kwenye maoni, nimejiandaa.

Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na moja huu, wodi ya wanawake. Akiletwa bibi presha imepanda, swali la kwanza ninalouliza baada ya shikamoo ni hili: "Bibi, dawa unazotumia ziko wapi?" Na jibu nimelisikia mpaka nimelikariri: "Ziliisha mwanangu. Nimekuja mjini kulea mjukuu."

Umekuja lini bibi? "Mtoto alikuwa na miezi mitatu." Na sasa? "Anakimbia huyo, ana miaka miwili."

Miaka miwili! Hakuna aliyemuuliza dawa zake, na waliomleta hospitali wamesimama pale wanalia kweli kabisa, wanampenda. Hilo ndilo linaloniuma. Si watoto wabaya. Ni mimi na wewe.

SEHEMU YA 2

Kabla hujasema najifanya mjuaji, ngoja nijianike mwenyewe.

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84, kama sheria inavyosema. Siku ya 70 nikaanza kukosa usingizi. Nani atakaa na mtoto? Nikampigia mama, Muheza. "Mama, njoo miezi mitatu tu."

Mama alikuwa anauza vitumbua. Analoweka mchele jioni, anapeleka mashineni, saa kumi na moja alfajiri yuko jikoni, saa tatu asubuhi vimeisha. Alhamisi anakwenda kikoba, ananunua hisa zake. Mara moja kwa mwezi anakwenda kwa miguu kituo cha afya, anapimwa presha, anachukua dawa, anapiga soga na wenzake, anarudi. Huyo ndiye niliyemwita "mama hana kazi kule, yupo tu".

Miezi mitatu ikawa mwaka na miezi minane. Kikoba kikavunjwa, wakagawana, wakaanza upya bila yeye. Kona yake akaishika mwingine, maana mteja wa kitumbua hasubiri. Dawa alikuja nazo za mwezi mmoja. Zilipoisha akanyamaza.

Na mimi ni nesi. Nafunga mkanda wa presha kwenye mikono ya mama za watu zamu nzima, nikirudi nyumbani nauliza, "Mtoto amekula?" Simuulizi mama kitu.

Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, nikamkuta amekaa sakafuni, mtoto mgongoni, kichwa ameegemeza ukutani. Nikampima: 198 kwa 112. Tuliwahi. Hakupooza. Nilipomuuliza kwa nini hukusema, akanijibu, "Nilikuona unahangaika na kodi. Na mimi kuomba hela ya dawa sijazoea, nimezoea yangu."

Nimezoea yangu. Maneno mawili tu, yamenikaa mpaka leo.

SEHEMU YA 3

Sasa tuongee ule usemi wetu: "Mama apumzike, ameshachoka, aache hizo biashara."

Hebu jisikilize. Amezeeka sana hawezi kuuza vitumbua, ila hajazeeka kubeba mtoto wa kilo kumi na moja mgongoni kutwa nzima? Amechoka hawezi kwenda kikoba Alhamisi, ila hajachoka kuamka saa nane usiku kuchemsha uji? Kupumzika gani huko? Umembadilishia kazi tu. Umemtoa kwenye kazi inayomlipa ukampa isiyomlipa, halafu unataka akushukuru.

"Lakini namtumia hela, namvisha, anakula vizuri." Sawa. Sasa mwangalie mama mzima anayesubiri umalize kuoga akuombe elfu mbili ya vocha. Mwanamke aliyekusomesha wewe kwa kitumbua. Anaificha ile aibu, anaicheka. Wewe unaona ni utani.

Na tukumbushane jambo moja. Zanzibar, tangu 2016, mzee wa miaka 70 na kuendelea anapata pensheni jamii kila mwezi hata kama hakuwahi kuajiriwa. Huku Bara mama wa kawaida, mkulima au muuza genge, hana kitu kama hicho. Pensheni yake ni lile karai. Pensheni yake ni kile kikoba. Ukimtoa pale bila mpango, hujampumzisha, umemfungia pensheni.

SEHEMU YA 4

Najua mtaniambia nini. "Dada, huo uzungu. Kwetu bibi ndiye mlezi."

Nakubali. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi. Ila bibi yangu alinilea nyumbani kwake, uani kwake. Akichoka aliita jirani. Akienda shamba alinibeba, akirudi alinikabidhi kwa binamu zangu. Kazi yake haikusimama kwa sababu yangu, na mimi nilikua nikiona mwanamke mwenye hela zake kwenye pindo la kanga.

Wewe umemfungia mama vyumba viwili, geti limefungwa, hajui jirani anaitwa nani, msikiti au kanisa mpaka apelekwe, kutwa nzima yeye na televisheni na mtoto. Hiyo siyo mila. Mila ilikuwa na ua, majirani na shamba. Sisi tumechukua kipande kinachotufaa, kingine tumeacha kijijini.

Na wale wa "dada wa kazi wanatesa watoto", nawaelewa. Hofu hiyo ninayo mpaka kesho. Sisemi bibi asilee. Nasema asilee bure, bila muda, bila dawa, bila kuulizwa.

SEHEMU YA 5

Niwape mfano wa watu waliomwona bibi kwa jicho lingine.

Mwaka 2006, Mbare, mtaa wa Harare kule Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alitaka kuwasaidia watu waliolemewa na mawazo. Wataalamu wa akili nchini walikuwa wa kuhesabu. Aliowapata ni mabibi 14, wahudumu wa afya wa jamii. Wakafundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia apange tatizo lake hatua kwa hatua, wakikaa naye kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwanzoni daktari aliliita benchi la afya ya akili, watu wakaogopa kulikalia. Mabibi ndio waliomwambia libadilishwe jina, liitwe benchi la urafiki. Wakaja! Mwaka 2016 utafiti wake ukachapishwa katika jarida kubwa la madaktari la Marekani, JAMA: waliokaa na wahudumu wale walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Baadaye benchi likafika mpaka Malawi na Zanzibar.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu mtu aliyesoma sana alikwama, na aliyemkwamua ni bibi wa mtaani. Wewe unaye nyumbani, kazi pekee uliyomwona anaiweza ni kubadilisha nepi.

Na kama nesi niweke sawa: biashara haitibu presha. Vitumbua si dawa. Lakini bibi mwenye shughuli zake anatembea, anahesabu hela, anaongea na watu, ana siku ya kliniki ambayo wenzake wanamkumbusha. Shirika la Afya Duniani linashauri hata wenye miaka 65 na zaidi wapate walau dakika 150 za mwendo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba. Anayekwenda mashineni na sokoni kila siku kwa mguu keshazipata bila kujua. Aliyefungiwa getini atazitoa wapi?

SEHEMU YA 6

Sasa tahadhari, maana ukimwambia mama "fanya biashara" wapo wanaomsubiri mlangoni.

Wa kwanza ni wakopeshaji wa kausha damu. Anakopeshwa kidogo, anarejesha kila siku au kila wiki, riba haieleweki, akikwama wanabeba kabati. Nimewahi kulaza mama ambaye presha yake ilikuwa inapanda kila siku ya marejesho.

Wa pili ni hawa wa virutubisho. Wanamwambia bibi: lipa kiingilio, nunua boksi, uza kwa wenzako, ingiza watu chini yako, utapata gari. Matokeo yake maboksi yako uvunguni, hela ya kikoba imeisha, na kibaya zaidi amaanza kunywa ule unga akaacha dawa za presha kwa sababu "huu unasafisha mwili wote". Mama zangu, biashara inayokudai kiingilio na kukutaka umuuzie dada yako siyo biashara. Na hakuna unga wa kukuachisha dawa za presha bila daktari kukuambia.

Njia salama zipo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hilo fungu la wanawake halikuandikwa "wanawake wasio na mvi". Nendeni na mama ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata, mkaulize utaratibu.

SEHEMU YA 7

Haya, tufanyeje? Mimi naona hivi.

Kabla hajaja, kubalianeni muda. Tarehe ya kuja na tarehe ya kurudi, na tarehe ya kurudi iheshimiwe kama tarehe ya kodi.

Mlipe. Hata kama ni kidogo kuliko dada wa kazi, iwe siku moja kila mwezi, mkononi mwake au kwenye simu yake, bila kuomba. Usiite zawadi. Ni mshahara.

Kikoba chake kisife. Hisa zake zitumwe kwa simu kila wiki, amteue mwenzake amwekee.

Apate siku yake. Jumapili mtoto ni wako na baba yake. Ndiyo, baba yake. Kaka unayesoma hapa, huyo bibi hakuja kulea kwa sababu mkeo peke yake alizaa.

Kliniki ihame naye. Aje na kadi yake na dawa za kutosha, na wiki ya kwanza mpeleke kituo cha karibu aandikishwe. Kwa sera yetu mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo. Kama hana kitambulisho cha msamaha, anzeni serikali ya mtaa au kijiji. Dawa za presha haziachwi kwa sababu "najisikia vizuri".

Na ukiona mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umekosa nguvu, au maneno yanakokoteka ghafla, usimpake mafuta, usisubiri asubuhi. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Akitaka kufanyia biashara kwako, mpishe. Ubuyu, karanga, vitumbua barazani, ushonaji wa foronya. Wewe mtafutie mtungi wa gesi kuondoa moshi wa mkaa, na meza ya kimo chake asiiname kutwa. Usimchagulie biashara. Ana miaka arobaini ya kuuza, wewe una mitano ya kununua.

SEHEMU YA 8, YA MWISHO

Mama yangu alirudi Muheza. Ile kona hakuipata tena, anachomea nyumbani kwa oda, nusu ya zamani. Presha imeshuka, ila goti lile alilobebea mwanangu linamsumbua mpaka leo, na kila akishika ukuta kusimama najua deni hilo ni langu. Namtumia hela ya mwezi. Mwezi wa kwanza alinirudishia nusu, akasema ni nyingi. Nikamrudishia tena.

Mwanangu wa pili anazaliwa Novemba, Mungu akipenda. Nimempigia mama. Sikumwambia njoo. Nimemuuliza: "Mama, ungependa tufanyeje?" Akakaa kimya muda mrefu nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Nitakuja wiki sita. Na Alhamisi utanitumia hisa zangu."

Nimeandika kwenye kalenda ya ukutani.

Sasa wewe. Mpigie wako leo usiku, au kama yuko hapo chumba cha pili mfuate. Muulize vitu vitatu: dawa zako zimebaki ngapi, kikoba chako kimeishia wapi, na wewe mwenyewe unataka nini. Halafu nyamaza, umsikilize.

Mje kwenye maoni sasa, nipo. Nina zamu ya usiku.